Maji ya Ngarambe, Maji ya Ubatizo

Mwaka 1904, kule Ngarambe kusini mwa Mto Rufiji, watu wa nyumba ya Kinjikitile Ngwale walikuwa nje wakiota jua la saa tatu asubuhi. Wakamwona mwenye nyumba amelala kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele, anakwenda kwa tumbo kuelekea kwenye dimbwi. Wakamkamata miguu wamrudishe. Akapiga kelele kwamba wanamuumiza, wamwache. Akatumbukia, akapotea. Waliojua kupiga mbizi waliingia wakatoka mikono mitupu. Ndugu zake wakalala palepale ukingoni, wakisema kama amekufa maiti yake itaonekana. Kesho yake, saa tatu ileile, akatoka mzima, nguo kavu, amezifunga vilevile alivyozifunga jana, na maneno aliyoanza kuyasema hayakuwa ya mtu waliyemzoea. Alisema wafu wote watarudi, wako kwa mzimu mkuu Bokero, mtoni Rufiji. Alisema simba na chui hawatakula watu tena.

Ndivyo wazee walivyowasimulia wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, miongoni mwao G.C.K. Gwassa, na simulizi hilo limesomwa tangu hapo kama utangulizi wa Vita vya Majimaji. Wasomi wameliuliza maswali ya siasa: pamba, kodi, maakida, umoja wa makabila. Ni maswali ya haki. Lakini kabla ya kuwa habari ya vita, hii ni habari ya mtu aliyekufa kwa jicho la jamaa zake, akalaliwa matanga ya usiku mmoja, akarudi kutoka majini akiwa mtu mwingine mwenye ujumbe. Mkristo yeyote aliyepitia darasa la ubatizo ataitambua njia hiyo mara moja. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anayebatizwa anazikwa pamoja na Kristo, ili atoke katika maji na maisha mapya. Nikodemo, mzee wa Kiyahudi aliyemwendea Yesu usiku, aliuliza mtu mzima atazaliwaje mara ya pili. Ngarambe wangemwonyesha dimbwi.

Kufanana huku kunavutia kupita kiasi, ndiyo maana nakuogopa. Kuna uandishi wa ulinganishi ambao ukiona maji huku na maji kule unatangaza kwamba dini zote zinasema jambo moja. Mimi sioni hivyo. Watu wa Rufiji na Kibiti wameitiwa wokovu wa namna nyingi katika miaka mia moja na ushee iliyopita: wa Bokero, wa masheikh, wa wahubiri wa injili, hata wa serikali. Ukiuliza mtu anaokolewa kutoka katika nini, majibu yanatofautiana. Ukiuliza nani anayemwokoa, yanatofautiana zaidi. Ila swali ambalo kwa maoni yangu limeamua mambo katika bonde hili ni jingine, na wanateolojia huwa hawalipi nafasi: unaokoka pamoja na nani?

Kwa Kinjikitile jibu lilikuwa wazi. Wanaokoka wote, pamoja na waliokwisha kufa. Pale Ngarambe alijenga nyumba kubwa kwa ajili ya mizimu, na watu walikuja kwa makundi kutoka Umatumbi, Ungindo na bondeni kwa Wandengereko, wakileta mtama, chumvi, mchele na vipesa, wapate dawa ya maji na wazungumze na wazee wao. Habari ilipita kwa minong'ono ya chini kwa chini, Wamatumbi wakiiita njwiywila, na kila aliyesikia alimnong'oneza anayemwamini. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mtama na mafuta ya mbarika, vitu vya jikoni tu. Wengine walipakwa, wengine walinyunyiziwa, wengine walikunywa. Masharti yalikuwa makali: usipore mali, usilale na mwanamke wakati wa vita. Hakuna aliyeambiwa atubu dhambi zake za siri. Uovu uliotajwa ulikuwa nje na ulikuwa na majina: mashamba ya pamba ya kulazimishwa ambayo serikali ya Gavana Götzen iliyaanzisha mwaka 1902, viboko, kodi, na akida aliyepewa mamlaka juu ya watu wasio wake. Julai 1905 huko Nandete waliing'oa pamba. Agosti 4, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro, mji mdogo usio mbali na delta. Inasimuliwa kwamba alisema haidhuru, dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Risasi hazikugeuka maji. Waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma maghala na mashamba, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani na karibu 300,000 kwa hesabu ya Gwassa. Ahadi ya wokovu ikishindwa kwa kiwango hicho, watu hufanya nini nayo? Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alimfikisha shujaa wake mahali pa kutakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye akakataa, kwa sababu ya wale watakaokuja baadaye. Wanafunzi wa kidato cha nne wamekuwa wakijibu swali hilo kwa miaka mingi kama suala la uzalendo. Kwangu mimi ni suala la imani kwanza. Wanafunzi wa Yesu nao, Ijumaa ile jioni, walikuwa na mkombozi aliyeuawa na serikali ya kigeni na ahadi iliyovunjika hadharani. Tofauti iko katika kilichotangazwa baada ya hapo. Kanisa lilikuja kusema kwamba kifo chenyewe ndicho kilichookoa, kwamba kushindwa kule ndiko kulikokuwa kazi. Hakuna mzee wa Umatumbi aliyesema kunyongwa kwa Kinjikitile kulimwokoa mtu. Yeye aliingia majini akatoka akagawa nguvu aliyopewa huko. Kristo wa Paulo anaingia katika kifo badala ya wengine, na hao wengine wanapewa kile alichokipata yeye. Hii si tofauti ndogo ya maneno, na anayetaka kuifunika kwa ajili ya ujirani mwema hamtendei haki Kinjikitile wala Kristo.

Pia kuna jando. Katika pwani ya kusini, tangu Uzaramo hadi Umakonde, mtoto wa kiume alitolewa kwa mama yake, akakaa kumbini siku nyingi, akatahiriwa, akafundwa, na siku ya kutoka kumbi likachomwa moto, nguo kuukuu zikatupwa, akapewa jina jipya. Mwali naye alifichwa ndani akatolewa kwa ngoma, na wanaomjua walimtazama kama hawajapata kumwona. Mahubiri ya kuzaliwa mara ya pili yanapofika kwa watu waliopita huko, hayafiki kwenye ardhi tupu. Wanajua utu unaweza kukatwa katikati, huku wa jana na kule wa leo. Lakini mtoto wa kumbini hakuwa mwovu aliyesamehewa. Alikuwa hajakamilika, akakamilishwa, na waliomkamilisha ni wajomba na makungwi, watu anaowajua kwa majina. Alipotoka alirudishwa kwa ukoo uleule akiwa na nafasi kubwa zaidi. Mahubiri ya wokovu yanasema tatizo lako si kwamba hujakamilika. Umepotea, na ukoo wako hauwezi kukusaidia kwa kuwa nao umepotea. Ni habari ngumu kwa mtu aliyelelewa na makungwi.

Uislamu ulikuwa pwani hii karne nyingi kabla ya Wajerumani, mijini zaidi kuliko mashambani. Baada ya 1907 ndipo uliposambaa bara ya kusini kwa kasi isiyopata kuonekana. Mwaka 1908 ilienea barua iliyosemekana kutoka Makka, kuanzia Lindi na kupanda pwani, ikiwaita Waislamu watubu, wasali, waache maasi kwa sababu Kiyama kimekaribia. Wajerumani walishtuka, wakahofia Majimaji ya pili. Ulikuwa uamsho wa toba kabla walokole hawajajulikana Tanganyika. Tarika za Kisufi nazo zilikuwa na nguvu zake. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo, akamilikiwa na mtu wa ukoo wa Lamki, na kabla ya kufa mwaka 1931 alikuwa khalifa mkuu wa Qadiriyya ambaye waungwana walimbusu mkono. Ukitafuta mfano wa mtu aliyetolewa katika hali moja na kuingizwa katika uhai mwingine, sidhani utapata ulio wazi kuliko huo katika Mkoa wa Pwani wote.

Hata hivyo sheikh wa Rufiji hatasema Ramiya "aliokoka." Mtu kwa Uislamu huzaliwa katika fitra, safi, anachokosa anakikosa mwenyewe, na mlango wa toba uko wazi mpaka roho ifike kooni. Hahitaji kuzaliwa upya, anahitaji kurejea. Anayesilimu huoga, hutamka shahada, na yaliyopita yamefutwa, naam, na mara nyingi hupewa jina jipya. Kwa nje inafanana na ubatizo. Kwa ndani hakuna aliyekufa badala yake. Kuna rehema ya Mungu, kuna amali zake, kuna tumaini la shufaa ya Mtume ambalo katika maulidi ya vijijini linaimbwa kwa machozi ya kweli, na kuna hisabu inayomngoja. Muumini anatembea kati ya hofu na taraja. Ndiyo maana ukimweleza mzee wa Kiislamu wa Mchukwi au Bungu kwamba jirani yake ameokoka, pingamizi lake la kwanza huwa la adabu kabla ya kuwa la elimu ya dini. Anajuaje? Nani amemsomea daftari lake? Mtu hajafa, hajafufuliwa, hajasimamishwa, tayari ameshajipa matokeo.

Naliona pingamizi hilo kuwa kali kuliko yote, na Wakristo wa kale wa nchi hii waliwahi kulitoa wenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka kati ya Namirembe na Gahini kuanzia mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church waliposoma Biblia na kuomba pamoja, ulifika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, ukawakuta Walutheri waliobatizwa tangu utotoni wakidhani wamekwisha kumaliza. Waliookoka walisimama mbele za watu wakataja waliyoyafanya: wizi, uzinzi, chuki kati ya Mwafrika na mmisionari. Kisha walirudisha. Mtu alibeba jembe la watu, au fedha za ofisi, akarejesha kwa mwenyewe akiwa na aibu usoni. Wachungaji wengi waliudhika, wakaona majivuno. Josiah Kibira alitoka katika uamsho huo huko Bukoba, akawa askofu, na mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilipokutana Dar es Salaam lilimchagua kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Walokole wa kizazi chake wangemjibu mzee wa Bungu hivi: sina ninachokijua kuhusu daftari langu, ninachokijua ni kwamba limelipwa na mwingine, kama ningetegemea amali zangu ningeogopa kuliko wewe. Si jibu la majivuno. Linaweza kugeuka majivuno kirahisi, lakini hata unyenyekevu wa anayeogopa hisabu una namna yake ya kujionyesha.

Wokovu uliofika Kibiti haukuja wote kwa njia hiyo ya Bukoba. Umekuja na barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, anayekwenda kusini alisubiri kivuko pale Ndundu, na masika barabara ilikula siku nzima au zaidi. Lami ilipokwisha, mji wa Kibiti ulijaa wageni: walimu, wauguzi, mafundi magari, wauza vipuri, askari, wanunuzi wa korosho na ufuta. Wafugaji nao waliingia Rufiji na Lindi na ng'ombe wao baada ya kuondolewa Ihefu na Usangu kuanzia mwaka 2006, Wasukuma wengi kati yao. Makanisa ya mabati yakasimama kando ya barabara kuu, karibu na vituo vya mafuta, mahali ambapo wanaabudu watu ambao mama zao wako Mbeya, Shinyanga au Kilimanjaro. KKKT, Katoliki na misheni ya hospitali ya Mchukwi vilikuwapo kabla yao, vichache kati ya Waislamu wengi.

Mkutano wa injili wa siku tano hujengwa kwa jukwaa la mbao, jenereta, spika mbili nyeusi za kimo cha mtu na turubai la wageni. Kwaya inaimba mpaka vumbi linapanda. Halafu unakuja ushuhuda, nao una kanuni zake kama utenzi. Bwana Yesu asifiwe. Amina. Nilikuwa mlevi, nilikuwa napiga mke, nilizunguka kwa waganga mpaka Tanga, tarehe fulani mwezi fulani nikampa Yesu maisha yangu. Tarehe haiachwi. Huyu ana siku mbili za kuzaliwa na ya pili ndiyo anayoiadhimisha. Mhubiri anawaita mbele wanaotaka kuokoka, wanarudia maneno ya sala ya toba baada yake, majina yanaandikwa kwenye daftari la shule, na baada ya mafundisho wanabatizwa kwa kuzamishwa mwili mzima. Wapi? Rufiji ina mamba na viboko, jambo ambalo Yohana Mbatizaji hakuwa nalo la kufikiria, na kwa sababu hiyo birika la saruji nyuma ya kanisa ni ufumbuzi wa busara.

Usiku wa mkutano kuna sehemu nyingine, na hapo ndipo dini mbili zinagongana bila kuambiana. Wenye mapepo wanaanguka. Mhubiri anaamuru: toka kwa jina la Yesu. Pepo anaulizwa jina, anataja, mara nyingi jina la pwani, la jini au la mzimu wa mto, anafukuzwa. Kwa mganga wa Kindengereko mambo hayaendi hivyo. Huko pepo anapungwa, anaulizwa anataka nini, anapewa nguo ya rangi yake, ubani wake, ngoma yake, na mgonjwa anakuwa kiti chake. Wanaelewana. Mgonjwa anapona si kwa kuachwa na pepo bali kwa kuishi naye kwa masharti, na huenda akawa mganga naye. Kinjikitile alikuwa kiti cha Hongo, aliyehesabiwa kuwa mjumbe wa Bokero, na kama angefikishwa mbele ya jukwaa la Kibiti leo, wangemwombea atolewe kilekile kilichompa kazi yake. Upande mmoja unaona uhai mpya kuwa ni kufungamana na nguvu ambayo hukuichagua. Upande wa pili unaona uhai mpya kuwa ni kubadilisha mmiliki, kutoka mikononi mwa mmoja hadi mikononi mwa mwingine, bila mkataba wa pamoja. Mpentekoste wa Kibiti na mganga wa Kibiti wanakubaliana jambo moja tu, nalo ni kubwa: mtu si mali yake mwenyewe. Mwalimu wa sekondari mwenye mashaka, aliyekaa nyuma ya umati akitafuna karanga, ndiye asiyekubaliana na wote wawili.

Sasa niseme habari ya uokoaji wa serikali, kwa sababu ndio uliowafundisha watu wa bonde kuwa na mashaka na neno hilo. Mafuriko ya mwaka 1968 yalikuwa makubwa. TANU ikaamua kuwatoa watu bondeni, na mwaka 1969 Operesheni Rufiji ikawahamisha maelfu kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa nyanda za juu, pembeni mwa bonde, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji kuenea nchi nzima. Lilikuwa tendo la huruma na la amri kwa pamoja. Huko juu kulikuwa na shule, zahanati, kisima. Hapakuwa na udongo. Mndengereko alijua jambo ambalo bwana shamba wa Dar es Salaam alilijua kwenye ramani tu: kwamba mto unapofunika bonde na kushuka unaacha tope jipya, na katika tope hilo hupandwa mlau, mahindi na kunde na maboga na zamani pamba, bila mbolea na bila kungoja mvua ya pili. Mafuriko ya kawaida ni chakula. Mafuriko makubwa ni msiba. Hayaji na kibandiko cha kukueleza ni yapi. Kwa hiyo watu walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Mtu alilala juu akilinda mahindi dhidi ya nguruwe na ndege, na maji yakipanda alifunga mtumbwi kwenye nguzo, akapikia juu, akasubiri. Waliookolewa mwaka 1969 walirudi bondeni msimu kwa msimu, wengine wakatembea saa nyingi kwenda na kurudi, wengine wakahamia dunguni moja kwa moja. Mafuriko yalirudi mwaka 1974, yakarudi wakati wa El Niño, yakarudi 2020, na Aprili 2024 yalifunika nyumba Mohoro na vitongoji vya Rufiji na Kibiti, safari hii watu wakibishana kama maji ni ya mvua au ni ya Bwawa la Julius Nyerere. Boti zikatoka, watu wakaambiwa tena wahamie juu.

Hapa ndipo ninapogombana na mahubiri mengi niyasikiayo kando ya barabara ya kusini. Yanahubiri wokovu kama Operesheni. Kuna bonde la dhambi na kuna nyanda za juu. Panda, usigeuke nyuma. Ndugu walioko chini ni hatari, maulidi ni hatari, arobaini ya baba ni hatari, unyago wa mpwa wako ni hatari. Lakini wokovu wa Agano Jipya si wa kuhamisha mtu mahali. Paulo hakuwaambia waumini wa Korintho waondoke Korintho. Aliandika kwamba mke aliyeamini asimwache mume asiyeamini iwapo huyo anakubali kukaa naye. Na Martin Luther, katika Katekisimu yake Ndogo inayofundishwa mpaka leo katika madarasa ya kipaimara ya KKKT, Dayosisi ya Mashariki na Pwani ikiwamo, alifundisha kwamba maji ya ubatizo maana yake ni mtu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba, na mtu mpya kuibuka kila siku. Kila siku! Hiyo inakaa karibu sana na mkulima wa mlau, na karibu zaidi na toba ya Mwislamu kuliko Mlutheri au Mwislamu atakavyopenda kuungama. Maji hayaji mara moja yakakwisha. Yanaharibu na kulisha palepale ulipo, na shamba la mwaka jana si shamba la mwaka huu ingawa mipaka ni ileile.

Mpentekoste atanijibu kwamba nalainisha mambo, na kwa sehemu ana haki. Mlevi aliyekuwa akipiga mke hana haja ya kuelezwa kwamba mtu mpya huibuka kidogo kidogo. Anahitaji tarehe. Wake wa watu kama yeye wanajua thamani ya tarehe hiyo kuliko wahakiki. Na mtu aliyezungukia waganga mpaka akauza korosho zake zikiwa bado mtini anahitaji kusikia amri, si maafikiano. Kukata shauri mara moja kuna nguvu yake, na mila zote hizi zinaijua: kumbi linachomwa, hairudiwi kuchomwa. Ninachokataa ni kudhani kwamba kukata shauri na kukata undugu ni kitu kimoja.

Nabii Yunus angewafaa wote. Yumo katika Biblia na katika Kurani. Alimezwa majini, akaomba gizani, akatapikwa pwani akiwa hai, na Wakristo wa kwanza walimchora makaburini huko Roma kama picha ya ufufuo. Waislamu wa pwani wanaleta uradi wa dua yake wakizidiwa na dhiki. Mara nyingi tunamwacha pale ufukoni, ameokoka, basi. Vitabu vyote viwili vinampeleka mbele, Ninawi, na jambo la ajabu katika habari yake ni kwamba mji mzima ulitubu ukaachiliwa, na Biblia inaingiza hata mifugo yake katika kufunga. Aliyeokolewa peke yake baharini aliokolewa ili wengine waokoke kwa pamoja. Kinjikitile, aliyetoka dimbwini akiwa na dawa ya kila mtu, yuko karibu na Yunus kuliko walivyo wahubiri wengi.

Februari 27, 1906, huko Songea, Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Wangoni waliopigana kwa dawa iliyotoka Ngarambe. Baadhi yao, kabla ya kupelekwa mtini, walikubali kubatizwa na padre Mbenediktini, Johannes Häfliger. Miezi sita nyuma, katika vita hivyohivyo, Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani katika nchi ya Liwale, na misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Kwa wakuu hao yalikuwa maji mawili juu ya mwili mmoja, katika mwaka mmoja. Tunaweza kusema walibatizwa kwa hofu ya kamba, na huenda wengine ndivyo. Tunaweza pia kusema watu waliokwisha kuamini kwamba maji yanaweza kumvusha mtu upande wa pili wa kifo hawakuhitaji maelezo marefu.

Ungoni ikawa nchi ya Wakatoliki. Rufiji, Umatumbi na delta, zilikotoka dawa zenyewe, zikawa nchi za Waislamu. Kushindwa kulikuwa kumoja. Sababu za kawaida zipo: Wabenediktini walijenga upya Peramiho na shule zake, watoto wa wakuu wakaingia darasani, huku mtoni walimu wa chuo na wafanyabiashara wa Kilwa, Mafia na Mohoro walikuwa tayari wamekaa na watu, wameoa kwao. Naongeza sababu ninayoiona kuwa kubwa. Kote kuwili watu waliingia kwa koo. Songea mkuu alipobatizwa watu wake walimfuata kizazi baada ya kizazi. Rufiji mtu aliposilimu, hitima ya baba yake, ndoa ya dada yake na jando la mwanawe vilipata nafasi katika dini mpya, vikasomewa dua. Hakuna mahali popote kusini ambapo mtu mmoja mmoja, kwa tarehe yake peke yake, aligeuza nchi. Makanisa ya kando ya barabara ya Kibiti yamechagua njia hiyo ya mtu mmoja mmoja, na wengi wanaoitika ni wale ambao tayari wako mbali na koo zao kwa kazi. Wandengereko wanapita njiani, wanasikia spika, wanaitikia salamu za jirani zao, wanaendelea na safari ya shambani.